Mpambaji au Msanifu wa Ndani? Maswali ya Vyeti Ninayoulizwa Kisumu na Nakuru

Nilianza kwa kushona mapazia kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Wateja wa mapazia wakaanza kuniuliza rangi ya ukuta, kisha sofa, kisha taa, na kabla sijajua nilikuwa nimeshaacha cherehani kwa mwingine. Siku hizi nyumba ninazopamba ni za Kisumu na mara kwa mara za Nakuru. Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili: vijana wanaotafuta cheti, na wenye nyumba wanaotaka kujua pesa zao zinamwendea nani. Nimewajibu pamoja.

Kwani mpambaji na msanifu wa ndani si mtu yule yule?

La. Wanakutana sebuleni, lakini hawakuingilia mlango mmoja.

Mpambaji huja nyumba ikiwa imeshasimama. Yake ni rangi, mapazia, zulia, sofa, taa za mezani, picha, vioo, mimea na mpangilio wa viti. Msanifu wa ndani anaweza kuyafanya hayo yote, ila kazi yake huanza ramani ikiwa bado mezani. Jiko likae wapi? Mlango ufunguke upande gani? Soketi ziwe ngapi, na kwa kimo kipi? Mama mkwe anayetumia kiti cha magurudumu atageukia wapi bafuni, maana kiti hicho kinataka duara la kama mita 1.5? Watu 80 waliojaa mkahawani watatokaje moto ukizuka jikoni? Majibu yake huyaweka kwenye michoro ambayo mkandarasi anaweza kujenga nayo, na akiketi na msanifu majengo au mhandisi wanaelewana.

Mimi hupima kwa swali moja: kazi ikiharibika, nani ataumia? Nikikosea pazia, litakaloumia ni jicho la mwenye nyumba, na mfuko wangu kwa sababu nitalishona upya. Msanifu akikosea mlango wa kutokea, mtu anaweza kufa. Ndiyo sababu nchi zilizotunga sheria juu ya kazi hii humbana msanifu, na mpambaji huachwa na maua yake.

Mbona nikisema mimi ni mpambaji naulizwa bei ya hema na viti?

Kwa sababu huku kwetu mapambo ni harusi na matanga. Asubuhi moja mzee kutoka upande wa Ahero alinipigia: "Binti yangu, nataka hema tatu na viti mia tatu, mwili unafika Ijumaa." Ungemwambia nini mzee wa watu? Nilimpa pole, nikampa namba ya mwenye hema ninayemwamini. Tangu siku hiyo kadi yangu inasema "mpambaji wa nyumba".

Neno "msanifu" nalo lina mizigo yake. Mwenye plot ukimwambia "msanifu", anamwaza aliyemchorea nyumba, yaani msanifu majengo, na huyo ni mtu mwingine mwenye sheria yake. Mjini wanatuita sote "watu wa interia", pamoja na fundi wa jipsamu na yule muuza paneli za ukutani. Kwa hiyo usimuulize mtu anaitwaje. Muulize anafanya nini.

Sheria ya Kenya inanidai leseni ili nijiite mpambaji au msanifu wa ndani?

Kujiita tu, hapana. Majina yanayolindwa ni ya majirani zetu. Sura ya 525 ya sheria za Kenya, ambayo mizizi yake ni ya 1934, inawahusu wasanifu majengo na wakadiriaji majengo, na bodi yao ni BORAQS. Inamkataza mtu ambaye hajasajiliwa kufanya kazi chini ya jina lolote lenye neno "architect" au "architecture", wala "quantity surveyor". Ukijiita "interior designer", sheria hiyo haikugusi. Ukichapisha kwenye gari lako "interior architects" kwa sababu linasikika ghali zaidi, umeingia shamba la watu. Nimeyaona mabango ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na wenyewe wala hawana habari kwamba kuna tatizo.

Kinachobaki ni yale yanayomhusu mfanyabiashara yeyote: jina la biashara lisajiliwe kupitia eCitizen, PIN ya KRA, na kibali cha biashara cha kaunti. Hata muuza nguo anavihitaji. Usivitundike ukutani ukadai ni vyeti vya taaluma.

Basi sheria inaanzia wapi?

Inaanzia pale mkono wako unapogusa ukuta, waya, bomba au njia ya kutokea. Hili nililijifunza kwa gharama.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi katika nyumba ya zamani mtaa wa Milimani, Kisumu. Mama mwenye nyumba alitaka sebule na chumba cha kulia viwe kitu kimoja. Niliugonga ukuta uliovitenga, nikasikia mlio, nikasema kama mtu anayejua: "Huu utatoka tu, mama." Fundi akashika nyundo. Kufikia saa nane mchana ufa ulikuwa umepanda hadi kwenye dari, na mimi nimeketi nje kwenye ngazi nikitafuta namba ya mhandisi. Alikuja kesho yake, akasimamisha nguzo za chuma za kushikilia, akanionyesha kwamba ule ukuta ulikuwa umebeba slabu ya juu. Boriti mpya ilinila faida yote ya kazi hiyo na nyingine iliyofuata. Yule mama hakunifukuza. Aliniandalia chai, na chai ile iliniuma kuliko matusi.

Sasa nafuata mipaka. Kubomoa au kuhamisha ukuta ni kazi ya mhandisi au msanifu majengo, na michoro ya mabadiliko hupelekwa kaunti iidhinishwe. Kuhamisha soketi au kuvuta laini mpya ya taa ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli inayofanya kazi chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Muombe akuonyeshe leseni yenyewe, usitosheke na neno lake. Ukichukua mradi mzima, yaani dari za jipsamu, vigae, makabati, umeme na rangi kwa mkataba mmoja, hapo umeshakuwa mkandarasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ndiyo inayosajili wakandarasi, kuanzia daraja la NCA 8 hadi NCA 1 ambalo ndilo la juu. Huwatambua pia mafundi stadi na wasimamizi wa saiti. Wapambaji wengi huvuka mpaka huu bila kujua, siku mteja anaposema, "Si ufanye yote tu, mimi niko Dubai."

Cheti gani kinamfaa mpambaji wa hapa kwetu?

Nikiulizwa na kijana asiye na pesa nyingi, humtuma kwanza NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo ina kituo hapa Kisumu. NITA hupima mafundi kwa gredi tatu: unaanza gredi ya tatu, unapanda hadi ya kwanza. Hakuna gredi ya "mtu mwenye jicho zuri". Ziko za fani zenyewe: upakaji rangi, useremala, ushonaji, utengenezaji wa viti vya kochi. Kuna nadharia na kuna vitendo, na kwenye vitendo mtahini anasimama hapo akikutazama.

Wengine huona hilo ni kushuka hadhi. "Mimi ni mbunifu, si fundi wa rangi," aliniambia dada mmoja wa Nakuru. Nikamuuliza: chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.7, mlango mmoja na dirisha moja, kinataka lita ngapi za rangi kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili? Kimya. Hesabu yenyewe ni hii. Mzunguko wa kuta ni mita 16. Ukizidisha kwa 2.7 unapata mita za mraba 43.2. Toa mlango na dirisha, zinabaki karibu 39.5. Mikono miwili ni 79. Lita moja ikifunika kama mita 10 za mraba, unahitaji lita 8, yaani mikebe miwili ya lita 4. Mpambaji asiyeijua hesabu hiyo huagiza ndoo ya lita 20, mteja analipa, na lita 12 zinakaukia stoo.

Mapazia nayo ni hivyo hivyo. Reli ya mita 3 ikitaka pazia lenye mikunjo ya kushiba, unakata kitambaa mara mbili ya reli, yaani mita 6. Kitambaa cha upana wa mita 2.8 ukikilaza upande, upana huo unageuka kuwa kimo na hutahitaji kiungo katikati. Haya mtu hufundishwa na mkasi, na gredi ya NITA inaonyesha kwamba ulishawahi kuushika.

Njia ya pili ni vyuo vya ufundi. Kisumu ina polytechnic yake ya kitaifa, Kakamega ina Sigalagala, na Nakuru wana chuo cha Rift Valley kilichojulikana kama RVIST. Mitihani ya vyuo hivi ni ya mabaraza ya KNEC au CDACC, na mamlaka inayovipa idhini ni TVETA. Kabla hujalipa karo kwenye chuo chochote cha binafsi kilichoko ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, hakikisha mambo mawili: chuo chenyewe kimeidhinishwa, na ile kozi yako nayo imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi ya kompyuta kikakuuzia cheti cha interia ambacho hakuna mahali kinatambuliwa.

Nimefanya kazi miaka kumi bila kukanyaga darasa. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini, unaojulikana kwa herufi RPL. Unapeleka ushahidi wa kazi zako, unapimwa, na ukifaulu unapewa cheti cha kiwango chako bila kurudishwa darasa la kwanza. Mfumo wa sifa zote za kielimu nchini unasimamiwa na mamlaka iitwayo KNQA; uliwekwa na sheria ya 2014 na una viwango 10: diploma iko kiwango cha 6, shahada ya kwanza cha 7, uzamivu cha 10.

Nakuomba jambo moja: anza leo kuweka kumbukumbu. Piga picha kabla ya kazi na baada ya kazi, mahali pamoja, saa ile ile ya mchana. Hifadhi risiti za vifaa. Muombe mteja barua fupi, hata ya mistari minne. Mafundi wetu wa jua kali ni stadi kweli kweli, lakini ukimuuliza mmoja ushahidi anakuonyesha simu iliyopasuka kioo yenye picha za sofa zilizochanganyika na za watoto. Mpimaji hawezi kukupa alama kwa hizo.

Nataka kuwa msanifu wa ndani kamili. Nisomee wapi?

Hapo unahitaji diploma nzito au shahada. Kwa watu wa huku magharibi, Chuo Kikuu cha Maseno kimekuwa na shahada ya usanifu wa ndani iliyounganishwa na teknolojia ya habari, na kiko mwendo mfupi tu kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usanifu kwa upana wake.

Tarajia kuchora, na kuchora tena. Utajifunza michoro ya kompyuta, vifaa na tabia zao, mwanga wa asili na wa umeme, sauti, vipimo vya mwili wa binadamu (kwa nini meza ya jikoni huwa kati ya sentimita 85 na 90, kwa nini njia ya kupita inataka kama 90), usalama wa moto, mikataba na makadirio ya gharama. Mto wa sofa utatajwa mara chache sana. Nimepokea wanafunzi wawili kwenye mafunzo ya kazini. Wote walinizidi kwa michoro, na wote niliwafundisha kupiga bei Kibuye.

Ukisomea nje ya nchi, shahada yako itapitia kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe hapa.

NCIDQ ninayoiona kwenye wasifu wa watu mtandaoni ni nini?

Ni mtihani wa wasanifu wa ndani wa Marekani na Kanada. Unasimamiwa na baraza liitwalo CIDQ, lililoundwa 1974. Una sehemu tatu: ya misingi, ya utendaji wa kitaaluma, na ya vitendo. Huufanyi kwa kulipa ada tu. Mwenye shahada ya usanifu wa ndani huhitaji pia saa 3,520 za kazi, na hizo ni karibu miaka miwili ya kuamka kila siku. Mwenye masomo mafupi zaidi hudaiwa saa nyingi kuliko hizo.

Mpambaji hauhitaji mtihani huu, na bila masomo ya usanifu hawezi kuufanya. Mtu akikuambia ni "mpambaji mwenye NCIDQ", ama ni msanifu anayejishusha, ama hajui anachosema.

Historia ya kazi hii huko Marekani inanifurahisha. Mwaka 1931, Grand Rapids huko Michigan, mji uliosifika kwa viwanda vya samani, kulianzishwa chama cha Wamarekani wa kazi hii, na jina lake lilikuwa la wapambaji. Neno hilo liliondolewa baadaye, likawekwa wasanifu, na mwaka 1975 chama hicho kikaungana na kingine kikawa ASID, ambacho kipo hadi leo. Yaani hata wao wote walianza kama wapambaji. Mji wa maseremala ndio uliowakutanisha. Nikiwa Kibuye katikati ya vumbi la mbao huwa nalikumbuka hilo.

Na hata huko sheria haziko sawa. Alabama ilikuwa jimbo la kwanza kulinda jina la msanifu wa ndani, mwaka 1982, na baadaye sheria yake ya kudhibiti kazi hii ikaanguka mahakamani. Louisiana, Nevada na jiji la Washington zimeibana kazi yenyewe. Florida ilidai leseni kwa miaka mingi, kisha 2020 ikageuza usajili kuwa wa hiari. Jimbo la Ontario nchini Kanada limelinda jina la msanifu wa ndani kwa sheria tangu 1984. Mpambaji haguswi na hizo zote, mradi asijiite kwa jina la mwingine na asiguse visivyo vyake.

Je, wapambaji wana cheti chao cha kimataifa?

Wana vyama vinavyotoa vyeti vya hiari. Kimoja cha Marekani huwapa wanachama wake waliohitimu ruhusa ya kuandika C.I.D. baada ya jina. Nakushauri usijaribu hilo Kondele. Ukigonga mlango useme wewe ni C.I.D., mwenye nyumba atatokea dirishani upande wa nyuma.

Vyeti vya mtandaoni ni vingi na baadhi vina mafunzo mazuri ya rangi na mpangilio. Vichukue kama mafunzo. Hakuna ofisi Kenya inayovidai, na mteja wa Nyamasaria hatakulipa zaidi kwa sababu yake. Atakulipa zaidi akiona nyumba ya jirani uliyoifanya.

Nitakijuaje cheti kisicho na thamani?

Kikiahidi "leseni ya kitaifa ya mapambo", ni uongo, kwa sababu leseni hiyo haipo. Kikipatikana kwa wikendi mbili pamoja na kofia ya mahafali, jua ulilipia kofia.

Mimi ni mwenye nyumba tu. Nimwite nani?

Nyumba ya kupanga Kiamunyi au Section 58, unataka ipendeze na mwenye nyumba hakuruhusu hata kutoboa ukuta: mpambaji anatosha, tena mpambaji mzuri atakuja na stendi zinazosimama zenyewe na rangi atakayoweza kuirudisha.

Unajenga Riat, ukuta uko kwenye linta: mwite msanifu wa ndani sasa hivi, kabla bomba na mifereji ya waya havijafukiwa. Watu huniita mimi wakati plasta imeshakauka, wanataka taa juu ya meza ya kulia, na waya umetokea pembeni mita mbili kutoka hapo. Msanifu angelimaliza hilo kwa penseli. Mimi nalimaliza kwa mnyororo mrefu wa taa na ndoano, na kila mgeni ataiona ndoano.

Unafungua mkahawa, zahanati au shule ya chekechea: msanifu, bila mjadala. Kuna zima moto wa kaunti, kuna afisa wa afya ya umma, kuna wateja wenye ulemavu. Mpambaji aje mwisho.

Unafanyia upya jiko na bafu: hapa wengi hukosea kwa kumwita mpambaji kwa sababu wanawaza vigae vya kupendeza. Jiko ni maji, moto na umeme katika chumba kimoja. Tafuta msanifu, au angalau mkandarasi aliyesajiliwa, halafu mpambaji achague rangi ya vigae.

Wanatozaje?

Msanifu hutoza kwa eneo, kwa asilimia ya gharama ya mradi, au bei moja kwa hatua zote za michoro. Wapambaji wengi hutoza kwa chumba, au hawatozi ada kabisa na hupata chao kwenye bei ya samani. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Duka la vigae au la vitambaa likinipa kamisheni, nina sababu ya kukupeleka huko hata kama mlango wa pili kuna bei nafuu. Mimi huisema kamisheni kabla, na huiandika kwenye makubaliano. Kuna wenzangu hawapendi nikilisema hili hadharani. Wanisamehe.

Muulize yeyote utakayemwita: "Dada, au kaka, dukani unapata ngapi?" Akikasirika, umepata jibu.

Kuna vyeti vya nyumba za kijani, yaani zisizoharibu mazingira?

Vipo, na ni vya wasanifu na washauri zaidi kuliko wapambaji. Unaoonekana sana Kenya ni EDGE, mfumo wa shirika la IFC la Benki ya Dunia, unaopima nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Mpambaji anaweza kusaidia kwa njia ndogo zaidi: taa za LED, mapazia yanayozuia jua la magharibi, samani za hapa hapa. Kule Dunga kuna watu wanaosuka viti na vikapu kwa magugumaji ya ziwani, gugu lile lile linaloziba njia za mitumbwi. Nimeviweka kwenye nyumba nne na hakuna mteja aliyevijutia, ila visikae penye unyevu.

Kuna kitu cheti hakitanifundisha?

Hali ya hewa ya mteja wako. Kisumu tuko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na unyevu huo hula vitu. Mbao zilizoshindiliwa za MDF zikilowa zinavimba kama mandazi. Kabati la chini ya sinki la MDF nyumbani kwa mama mmoja wa Tom Mboya lilidumu misimu miwili ya mvua. Dari ya jipsamu chini ya mabati yanayovuja huanza kwa doa la rangi ya chai, na siku moja kipande kinaanguka juu ya kochi jipya. Kabla hujaweka jipsamu, panda juu ya dari na tochi baada ya mvua kubwa. Si kabla ya mvua.

Nakuru ni juu zaidi, karibu mita 1,850, usiku ni baridi na kiangazi kuna vumbi jepesi linaloingia kila mahali. Zulia jeupe la manyoya lililopendeza Kisumu liligeuka rangi ya udongo Lanet kwa wiki tatu. Kule naweka mapazia mazito yenye kitambaa cha ndani, sofa za rangi ya kati, na foronya za mito zinazovulika na kufuliwa. Huku Kisumu mapazia mazito yanazuia upepo wa ziwa, na mteja ataishi na feni siku nzima akikulaani taratibu.

Na kuna familia yenyewe. Sebule za huku hupokea watu: chama, maombi, mazishi, wakwe. Mchoro wa mtandaoni wenye kochi moja la watu watatu na kiti kimoja cha kupendeza hautoshi siku wazee wa ukoo wakija. Wataketi wapi? Mimi huacha nafasi ya viti vya plastiki, na najua vinapohifadhiwa.

Vyeti hivi huisha muda?

Gredi ya NITA ni yako maisha yote. Usajili wa mkandarasi wa NCA na leseni ya fundi umeme ni vya kuhuishwa, kwa hiyo tazama tarehe, usitazame muhuri peke yake. NCIDQ nayo huhuishwa kila mwaka. Kibali cha kaunti, ukisahau, utakumbushwa na askari wa kaunti asubuhi na mapema, ukiwa na mteja dukani.